Bahari ya Sakafuni

Usidhani ushindi vitani huletwa na mizinga tu. Mwaka 1942 nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli za mizigo Atlantiki kila kukicha. Huko Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts akaichora bahari sakafuni. Wasichana wa jeshi la majini, vijana kama mimi na wewe, wakasogeza vijimeli na kuchora njia zake kwa chaki. Maofisa walichungulia kupitia vitundu vya pazia, maana hata baharini nahodha haoni yote. Kumbe nyambizi zilikuwa zinapenya katikati ya msafara zikitokea nyuma! Mbinu mpya zikatungwa palepale. Sakafuni aliyekosea alianza upya. Baharini, hakurudi kwao. Nani basi atadharau mchezo?