Baruti Nyeusi, Jua Kali

Leo ukitaja baruti Bulyanhulu, watu wanafikiria mgodi na mwamba unaopasuliwa chini ya ardhi. Karne moja na nusu iliyopita, katika ukanda huuhuu, baruti ilikuwa mzigo wa mpagazi kutoka pwani. Ilipitia Tabora na kuishia kwenye magobori ya watu kama rugaruga wa Mtemi Mirambo. Mwenye gobori alijishindilia mwenyewe. Hakuna kiwanda kilichompimia.

Baruti ile nyeusi ilikuwa na fadhila moja isiyotajwa sana: jua halikuitikisa. Adui yake alikuwa unyevu.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Mwaka huohuo Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na matundu ya bunduki za kijeshi yakaanza kupungua, kutoka milimita 11 hadi 8 na chini yake. Mwaka 1889 Waingereza wakaja na kodaiti, yenye nitrogliserini ndani. Nguvu ilikuwa nayo, ila ilikwenda na hali ya hewa. Risasi iliyoshinda juani huwaka kwa kasi zaidi, shinikizo hupanda, na ganda lake linaweza kunasa bunduki isifunguke. Mbele ya tembo, hayo si masihara. Kiwanda cha Kynoch cha Birmingham kikalazimika kuuza risasi maalumu kwa nchi za joto, zenye kodaiti pungufu. Yaani kipimo cha kawaida kilikuwa baridi ya Ulaya. Sisi tulikuwa marekebisho.

Vita vilipofika mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Wajerumani, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwemo, bado yalibeba Mauser ya 1871 na baruti yake nyeusi. Joto halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa moshi: kila ukifyatua, wingu linamwonyesha adui ulipolala. Tusijidanganye kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya tu ya ghala. Bunduki iliyokwisha kustaafu Ulaya ilionekana kumtosha Mwafrika.

Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwapatia risasi 600,000 za Waingereza. Kisha, Aprili 1915, meli Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipigwa mizinga na HMS Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Shehena ikaopolewa. Mauser za kisasa, za tundu dogo, zilikuwemo, lakini risasi zilikuwa zimekunywa maji ya bahari. Basi zikafunguliwa moja moja kwa mikono, baruti ikaanikwa na kusafishwa, baadhi ya fataki zikabadilishwa, kisha zikafungwa upya. Hata hivyo nyingi ziligoma kulipuka.

Lettow-Vorbeck, kamanda wao, alitenga zile safi, za kuaminika, kwa ajili ya bombomu. Zilizotiliwa shaka zikaenda kwenye bunduki za mkono, na askari akajua ipi ni ipi baada ya kuvuta kifyatulio.