Wakristu wa Urakami: Matumaini ya Watu Wasio na Padri

Mara nyingi tunasikia watu wakiuliza: kuamini mambo yasiyoonekana kunamusaidia nini mutu aliye katika taabu? Wengine wanasema ni dawa ya kuwalaza wanyonge usingizi tu. Tusiwajibu kwa maneno matupu. Tutazame mambo yaliyotokea kweli katika inchi ya Japani.

Mutakatifu Fransisko Xaveri alifika kule tarehe 15 Agosti 1549. Dini ikaenea upesi, zaidi katika kisiwa cha Kyushu. Lakini wakubwa wa inchi wakaanza kuiogopa. Mwaka 1597 wakristu 26 wakauawa musalabani kule Nagasaki. Mwaka 1614 dini ikakatazwa katika inchi nzima, mapadri wakafukuzwa. Padri wa mwisho, Konishi Mansho, mutoto wa inchi ile, akauawa mwaka 1644. Basi, hakuna Misa tena, hakuna kitubio, hakuna wa kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Tena kule Nagasaki watu waliitwa kila mwaka waikanyage sanamu ya Yezu ao ya Bikira Maria mbele ya wakubwa. Aliyekataa alijitia katika hatari ya kufa.

Karibu na Nagasaki, katika bonde la Urakami, wakulima maskini wakagawanya kazi. Mumoja alishika kalenda ya sikukuu na mifungo. Mwingine alibatiza watoto. Mwingine alipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Wengi wao walikanyaga sanamu. Kosa hili tusilifiche. Lakini waliporudi nyumbani walisali sala ya majuto, maana mababu walifundishwa hivi: asiyempata padri, ajute kabisa kwa mapendo ya Mungu, naye Mungu atamusamehe. Bila sala ile, woga wa siku moja ungaliweza kuimaliza dini yao. Sala iliwafungulia mulango wa kurudi.

Walishika pia neno la katekista Bastian, aliyekufa kwa ajili ya dini katika karne ya 17: kisha vizazi saba mapadri watakuja katika merikebu kubwa, na watu wataungama tena. Wazee wakawaambia watoto, watoto wakawaambia wajukuu.

Tarehe 17 Marsi 1865, Padri Bernard Petitjean, Mufaransa, alikuwa katika kanisa jipya la Oura, lililojengwa kwa ajili ya wageni wa Ulaya. Watu kama 15 wakaja. Mama mumoja akamukaribia, akamunong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na moyo wake. Halafu akauliza: sanamu ya Santa Maria iko wapi? Wakamweleza kwamba wao wanashika Noeli, na kwamba sasa wako katika siku za huzuni. Kumbe, ilikuwa Kwarezima kweli! Kisha miaka zaidi ya 200 bila padri, kalenda yao haikupotea.

Je, taabu iliisha? Hapana. Toka mwaka 1868 serkali ikawahamisha watu wa Urakami karibu 3.400 katika sehemu mbalimbali za inchi. Zaidi ya 600 wakafa kule. Waliobaki wakaruhusiwa kurudi mwaka 1873.

Basi, imani haikuwalaza usingizi watu hawa. Iliwapa kazi: kuhesabu siku, kumwaga maji ya ubatizo, kujuta, kungoja. Matumaini yao hayakuwa ndoto, maana yalikuwa na mikono.

Nasi, ndugu waseminari, fundisho la majuto kamili tusilisome kwa ajili ya mitihani tu. Nanyi makatekista, wafundisheni wakristu wote maneno ya ubatizo na sala ya majuto. Tunakumbuka kwamba mwaka 1964 misioni nyingi za mashariki ya Kongo zilibaki bila padri. Siku kama zile zikirudi, wakristu wetu wataishi kwa yale tuliyowafundisha wakati wa amani.