Mgonjwa anayesubiri kupandikizwa ini: namna ya kumtunza nyumbani

Ini likiharibika kiasi cha kushindwa kazi kabisa, tiba inayobaki ni kupandikizwa ini lingine. Upasuaji huo ulifanywa kwa mara ya kwanza na Dkt. Thomas Starzl mjini Denver, Marekani, mwaka 1963. Leo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaouhitaji husafiri kwenda India, ambako kwa kawaida ndugu aliye hai hutoa sehemu ya ini lake.

Kuanzia siku daktari anaposema "anahitaji ini jipya" hadi siku ya upasuaji, kuna kazi ya kutafuta fedha, hati za safari na ndugu wa kuchangia. Muda huo mgonjwa yuko nyumbani, pengine kijijini, mbali na daktari bingwa. Katika makala haya tunaeleza namna ya kumtunza katika kipindi hicho.

Jambo la kushika ni hili: kusubiri ni sehemu ya matibabu. Mgonjwa akikonda sana, akipata maambukizi au figo zikifeli, upasuaji unaweza kuahirishwa, au asiweze kuuhimili tena.

Ini linafikaje huko?

Sababu kubwa ni homa ya ini ya virusi B na C, unywaji wa pombe, na mafuta kujaa kwenye ini. Kwa watoto wachanga, wapo wanaozaliwa na njia za nyongo zilizoziba. Ini huumia polepole kwa miaka, hujaa makovu na kusinyaa. Kisha dalili hutokea: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu na akili kuchanganyikiwa.

Madaktari hupima uzito wa ugonjwa kwa vipimo vya damu: bilirubini, kazi ya figo, kuganda kwa damu na kiwango cha sodiamu. Majibu hukokotolewa kuwa alama kuanzia 6 hadi 40, zinazoitwa MELD. Alama zikiwa juu, hatari ni kubwa zaidi. Vipimo hivi hurudiwa, kwa hiyo usikose kliniki hata kama mgonjwa anajisikia nafuu.

Chakula: usimnyime

Wengi huambiwa kwamba mgonjwa wa ini asile nyama, mayai wala maharage. Ushauri huo umepitwa na wakati na unadhuru. Ini bovu haliwezi kuweka akiba ya nguvu, hivyo mwili huanza kula misuli yake. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji takribani gramu 70 hadi 90 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Mpe mayai, maziwa, maharage, kunde, samaki wabichi waliopikwa vizuri na kuku.

Ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Kabla ya kulala ale kitu cha kushiba, kama uji wa maziwa au viazi na yai. Usiku mmoja bila chakula kwa mgonjwa huyu hukausha akiba ya mwili kama siku mbili au tatu za njaa kwa mtu mzima wa afya. Kwa sababu hiyo, asifunge Ramadhani au Kwaresima kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kama tumbo linajaa maji, punguza chumvi. Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani. Acha ng'onda, papa mkavu, viungo vya pakiti na magadi kwenye maharage au mboga, maana magadi nayo yana sodiamu. Tumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nazi kuleta ladha.

Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu iliyomo huumiza ini na huchangia saratani.

Dawa: za kutumia na za kuepuka

Maumivu yakimpata, usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Dawa hizi huharibu figo na huleta kutokwa damu tumboni. Parasetamoli ndiyo salama zaidi, ila kwa kipimo kidogo: isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa saa 24, na daktari awe amekubali.

Dawa za miti shamba tunajua zinaaminika katika familia nyingi. Lakini baadhi yake huua ini lililobaki, na hakuna anayejua kipimo chake. Kama ameshatumia, mwambieni daktari bila woga.

Pombe iachwe kabisa, ikiwemo ya kienyeji. Mwenye virusi B anayetumia tenofovia asiiache hata siku moja, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuamsha virusi kwa nguvu.

Akili ikianza kuchanganyikiwa

Ini lisiposafisha damu, sumu hufika kwenye ubongo. Dalili za mwanzo ni ndogo: analala mchana na kukesha usiku, mikono inatetemeka, anasahau namba ya siri ya simu yake. Mwombe aandike jina lake kila asubuhi kwenye daftari. Mwandiko ukiharibika, jua tatizo limeanza.

Dawa inayotumika sana ni laktulosi, dawa ya maji yenye utamu. Lengo ni apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akikosa choo, sumu hurundikana. Akiharisha sana, hupoteza maji. Mgonjwa wa namna hii asiendeshe pikipiki wala gari.

Kila asubuhi mpime uzito na andika. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, maji yanaongezeka na daktari ajulishwe. Kila siku atembee kidogo ili misuli isiishe.

Dalili za kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo

- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
- Homa, au maumivu ya tumbo lililojaa maji.
- Kuchanganyikiwa, au usingizi usioamshika.
- Mkojo kupungua sana.

Usisubiri kuche. Maambukizi ya maji ya tumboni hutibika kwa antibiotiki yakiwahiwa, na mishipa inayovuja damu inaweza kufungwa kwa pete kupitia kipimo cha kamera. Mwulize daktari mapema kama mishipa ya mgonjwa wako imeshaangaliwa. Mwulize pia kuhusu kipimo cha ultrasaundi kila miezi 6 cha kutafuta saratani ya ini.

Ndugu anayechangia

Mchangiaji awe mtu mzima mwenye afya, asiye na virusi vya ini, na kundi lake la damu likubaliane na la mgonjwa. Hukatwa sehemu ya ini, na sehemu inayobaki hukua tena ndani ya miezi michache. Hata hivyo ni upasuaji mkubwa. Vifo vya wachangiaji ni nadra, lakini vimetokea. Kikao cha ukoo kisimlazimishe mtu. Apewe nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake, na akikataa asilaumiwe.

Wanaokwenda India waandae mapema vyeti vya kuzaliwa au vya ndoa, kwani sheria ya huko inadai uthibitisho wa undugu kupitia ubalozi.

Ndugu wote wa mgonjwa wa virusi B wapimwe. Wasio navyo wachanjwe: kwa mtu mzima ni dozi 3 ndani ya miezi 6.

Kama ini halitapatikana

Ni lazima tuseme ukweli: si kila mgonjwa atafika kwenye upasuaji. Wapo wanaopata nafuu kwa kuacha pombe au kutibiwa virusi hadi wasiuhitaji tena. Wengine hawatapona. Kwa wote, ombeni tiba shufaa tangu mwanzo, pamoja na matibabu mengine. Tiba hiyo hutuliza maumivu na kuwasha, huelekeza namna ya kutoa maji tumboni, na huisaidia familia kupanga kabla ya kuuza shamba au nyumba. Kuipokea hakumwondoi mgonjwa kwenye mpango wa kupandikizwa.

Hifadhi makala haya kwenye simu, na siku ya kliniki nenda na daftari la uzito, dawa na maswali yako. Daktari atakuelewa haraka zaidi.