Matuta ya Kilungu na Wanawake Walioyachimba

Nunguni ni mji wa soko juu ya vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni, mahali penye ukungu na baridi ambayo msafiri wa barabara ya Mombasa, huko chini kwenye joto, hawezi kuidhania. Miteremko inayouzunguka imekatwa ngazi ngazi kutoka kileleni hadi bondeni. Ngazi hizo, yaani matuta, zilichimbwa kwa jembe na sururu katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja aliyejaliwa maisha marefu, na wengi wa waliozichimba ni wanawake. Vitabu vya historia huwataja zaidi machifu na maofisa wa kilimo. Njia bora ya kuifuata kazi hiyo ni kufuata umri wa kizazi kimoja cha wanawake, waliozaliwa karibu na mwaka 1930, ambao wajukuu wao huwaita susu.

Walipozaliwa, Ukristo ulikuwa umeshafika Kilungu. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, aliongoza kundi la kwanza la Africa Inland Mission hadi Nzaui, na muda si mrefu vituo vingine vikafunguliwa Sakai, Kilungu na Kangundo. Scott alifariki Desemba 1896, kabla ya kutimiza miaka 30. Karibu wenzake wote walifariki au wakaondoka, kisha njaa kubwa ya Ngomanisye ikaikumba nchi ya Wakamba mwishoni mwa karne. Misheni ilijijenga upya polepole, na baadaye ikazaa kanisa la Africa Inland Church (AIC), ambalo hadi leo lina nguvu vilimani. Wafuasi wa mwanzo waliitwa asomi, kwa kuwa kubatizwa na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Agano Jipya la Kikamba lilichapishwa 1920, na Biblia nzima 1956.

Kanisa lilikataza mengi: pombe, ngoma za usiku, ndoa za wake wengi. Lilipinga pia iweto, desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumlipia mahari mwanamke mwingine ili nyumba yake isifutike. Desturi hiyo haikufa. Mwanamke asiye na mrithi alikuwa na sababu nzito zaidi za kuishikilia kuliko sababu za mchungaji za kuikataza.

Desturi iliyodumu bila ugomvi ni mwethya. Mwenye shamba aliwaita majirani kulima, kuvuna au kujenga, naye akawalisha na kuwanywesha. Waumini waliondoa pombe wakaweka uji na chai, na kazi ikaendelea kwa nyimbo kama zamani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, ikihofia mmomonyoko wa udongo, ilianza kuingilia kazi hiyo ya kulima.

Chanzo cha hofu ya serikali kilikuwa mbali. Nyanda za nyasi za Marekani na Kanada, zilizolimwa ngano na wahamiaji wa kila aina, zilikumbwa katika miaka hiyo ya 1930 na ukame na tufani za vumbi zilizopeperusha udongo wa juu. Habari zake ziliwatisha maofisa wa kilimo wa himaya yote ya Uingereza. Walipoyatazama makorongo ya Machakos, wilaya ambayo Kilungu ilikuwa sehemu yake hadi Makueni ilipotengwa 1992, waliona jangwa likija. Ripoti ya 1937 ya Colin Maher, mmoja wa maofisa hao, iliichora Ukambani kama nchi inayokufa. Hawakukosea kuhusu udongo, ila kuhusu watu walikosea sana. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, waliandamana hadi Nairobi chini ya Muindi Mbingu. Mbingu alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi wa ng'ombe ulisimamishwa.

Dawa ya pili ilikuwa matuta ya lazima. Baada ya Vita Kuu ya Pili kila boma lilitakiwa kutoa mtu wa kuchimba kwa siku zilizopangwa, na chifu alimtoza faini asiyefika. Wanaume wengi walikuwa Nairobi, Mombasa au jeshini, kwa hiyo mtu aliyetolewa akawa mke au binti. Katika miaka ya 1950 maofisa wa maendeleo walilegeza amri: vikundi vya mwethya vikaruhusiwa kuchagua viongozi wao na kuamua wachimbe shamba la nani kwanza. Kazi ikaenda kasi kuliko wakati wowote wa faini. Kahawa nayo ilisaidia, kwani Mwafrika aliyeruhusiwa kuipanda alitakiwa kwanza awe na matuta mapana.

Uhuru ulipokaribia, matuta mengi yaliachwa yabomoke kwa kuwa yalinuka ukoloni. Ukame wa 1961, uliofuatwa na mafuriko mwaka uleule, ulirudisha fikra. Chakula kililetwa hata kwa ndege, na njaa ile ikabaki na jina la yua ya ndeke. Safari hii watu walichimba bila kuamriwa.

Walichochagua kinaitwa fanya juu, jina la Kiswahili ambalo sasa limo katika vitabu vya kilimo duniani kote. Mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu uwe ukingo unaopandwa majani ya ng'ombe. Mvua huleta udongo zaidi nyuma ya ukingo, na baada ya misimu kadhaa shamba hujisawazisha lenyewe. Kutupa udongo juu kunachosha kuliko kuutupa chini, ndiyo maana kazi hiyo haifai kufanywa peke yako. Kitabu cha watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki cha 1994 kilionyesha kuwa tangu miaka ya 1930 idadi ya watu Machakos iliongezeka takriban mara sita, huku mmomonyoko ukipungua, kinyume kabisa cha utabiri wa Maher.

Vikundi vilevile vilisuka viondo vya katani, vilichangishana fedha kwa zamu na kujenga madarasa ya harambee. Wengine waliteremka na waume zao kufungua mashamba makavu, kama yale ya mradi wa Makueni wa miaka ya 1940. Huko tatizo lilikuwa maji. Mabwawa ya mchanga, kuta zinazokinga mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji yasikauke kwa jua, yalienea kwa sehemu kupitia kundi la Utooni, lililoanzishwa 1978 na Joshua Mukusya na wenzake. Miongoni mwa wafadhili wake ni Mennonite Central Committee, shirika la hisani la makanisa ya Wamennonite wa Marekani na Kanada. Wamennonite walikuja Ukambani kama wafadhili, na saruji yao ilikuta mwethya umeshasomba mawe.

Ardhi yenyewe ilisajiliwa baada ya sheria ya 1968 ya kuamua haki za ardhi, na kwa kawaida hati iliandikwa jina la mwanamume. Aliyechimba matuta kwa miaka 20 alibaki mgeni katika karatasi za shamba lake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, iliwapa wajane na mabinti haki ya kurithi, na Katiba ya 2010 ikapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Hata hivyo hati nyingi bado zina majina ya waume na wakwe waliokwishafariki, na kuzibadilisha kunahitaji kesi ya mirathi, ada za upimaji na barua ya chifu.