Dorobo Si Kabila: Kosa Langu Katika Orodha

Nimepotea kidogo, kazi zimekuwa nyingi na stima huku Umoja imekuwa ya kuja na kwenda. Leo siandiki juu ya simu mpya wala lugha mpya ya kuprogramu. Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mwenyewe, na historia niliyolazimika kuisoma ili nilisahihishe.

Kikundi kimoja cha Kayole kiliniomba niwaandikie programu ndogo ya kusajili wanafunzi wanaoomba msaada wa karo. Wafadhili walitaka kujua pia kabila la kila mwombaji. Mimi sikujisumbua. Nilitafuta mtandaoni orodha ya makabila ya Kenya, nikapata faili moja kuukuu, nikanakili, nikabandika. Kazi ya dakika tano.

Siku ya usajili nilikuwepo kuangalia kama kila kitu kinakwenda sawa. Akaja mzee mmoja, mlinzi wa usiku, na binti yake wa Kidato cha Pili. Tulipofika kwenye kabila, akasema Ogiek. Nikateremsha orodha. Herufi O haikuwa na Ogiek. Nikamwuliza kama wana jina jingine, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya "Dorobo". Mzee akachungulia skrini.

"Kijana, hilo si jina. Hilo ni tusi," akasema polepole. "Andika Nyingine."

Nikaandika "Nyingine". Binti alikuwa akitazama sakafu. Jioni hiyo, ndani ya matatu Jogoo Road, sikuwa na raha.

Basi nikaanza kusoma. Neno Dorobo limetokana na Kimaasai, iltorobo, yaani watu wasio na ng'ombe, maskini. Kwa mfugaji, mtu anayeishi msituni kwa asali na nyama ya mwitu ni fukara tu. Halikuwa jina la kabila, lilikuwa hukumu. Na sisi wa Kiswahili hatukosi lawama: neno likapewa kiambishi chetu, likawa Wandorobo, na Wazungu wakaliandika hivyo vitabuni mwao.

Wenyewe hujiita Ogiek. Makao yao ya jadi ni Msitu wa Mau na Mlima Elgon. Mizinga ya nyuki ndiyo mali yao, na asali ndiyo chakula, dawa na mahari. Lugha yao ni ndugu ya Kikipsigis na Kinandi, katika jamii ya lugha za Kikalenjin. Wengi wao siku hizi huzungumza zaidi lugha za majirani, hasa Kikipsigis na Kimaasai.

Sasa, wenzangu wa kompyuta, hapa ndipo palipoanza kunigusa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Ardhi chini ya Sir Morris Carter. Ripoti yake ilichapishwa 1934. Kuhusu "Dorobo", tume ilipendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyofanana nayo zaidi. Kwa lugha yetu ni kama kuandika UPDATE moja kwenye hifadhidata: chukua safu zote za watu hawa, ziandike jina la jirani, kisha uhifadhi. Tofauti ni kwamba hapa safu zilikuwa watu, na asiye na jina kwenye kitabu hakupata pia ardhi kwenye ramani.

Si mambo ya kale tu. Oktoba 2009 Ogiek wa Mau walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni. Kesi ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, mwaka 2012. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba Kenya ilikiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Mojawapo ya hoja ilikuwa hii hii: kwamba Ogiek walinyimwa kutambuliwa kama jamii inayojitegemea, na haki zitokanazo na kutambuliwa huko, huku jamii nyingine zikipewa. Tarehe 23 Juni 2022 iliagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 kwa jumla na warudishiwe ardhi yao. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena Sasimwani, Kaunti ya Narok.

Tazameni pia sensa. Mwaka 2009 Ogiek walihesabiwa 78,691. Mwaka 2019 wakawa 52,596. Namba kama hizi hutegemea pia mtu ameulizwaje, na amepewa nafasi gani ya kujibu. Nani ajuaye zaidi yetu sisi tunaotengeneza fomu?

Wala hatuna kisingizio cha kiufundi. Katika viwango vya ISO 639-3 Kiswahili ni swa, na lugha ya Ogiek ina herufi zake tatu: oki. Kompyuta iliwajua kabla yangu.

Na jambo hili si la Kenya pekee. Seva ya tovuti ya Apache, ambayo wengi wetu tulijifunzia kazi, ilipewa mwaka 1995 jina la watu wa asili wa Marekani. Januari 2023 kikundi cha Natives in Tech kiliomba shirika la Apache libadilishe jina hilo, na mwaka huo huo mkutano wa ApacheCon ukaanza kuitwa Community Over Code. Waliolichagua walisema ni kwa heshima. Lakini heshima huanza kwa kuomba ruhusa.

Nilirudi Kayole kusahihisha. Kuongeza "Ogiek" ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa wale watatu waliokwisha kuandikwa "Dorobo". Nilikuwa karibu kuwabadilisha wote kuwa Ogiek kwa amri moja, nikajizuia. Nikawapigia simu mmoja mmoja. Wawili walisema Ogiek. Wa tatu akasema yeye ni Yaaku, wa Mukogodo kule Laikipia, watu ambao lugha yao ya Kikushi imemezwa na Kimaasai hadi ikabaki kwa wazee wachache. Ningeandika ile amri, ningemfanyia kile Carter alichopendekeza, na nisingejua kamwe.

Safu ya yule binti nayo nimeitoa kwenye "Nyingine". Mzee nilimwonyesha skrini. Akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza kama karo itatoka kabla ya muhula kufungua.

Haya, ndugu zangu, fungueni orodha zenu mzitazame. Tuonane tena panapo majaliwa.