Upimaji wa mabaki ya viuatilifu katika mitishamba

Upimaji huu hutafuta sumu za kuulia wadudu, kuvu na magugu zilizobaki katika majani, mizizi au maua yanayotumiwa kama dawa. Ugumu wake hautokani na uchache wa sumu pekee. Klorofili, tanini, nta na mafuta ya manukato hutoka kwenye mmea pamoja na sumu hizo na kuvuruga vipimo.

Hapo ndipo nyenzo za kunasa uchafu zinapohitajika. Katika mbinu ya QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003, unga wa mmea mkavu hulowanishwa, hutikiswa pamoja na asetonitrili, kisha chumvi huongezwa ili maji yajitenge. Kimiminika cha juu huchanganywa na unga wa kusafishia. Unga uliozoeleka hutoka viwandani na ni ghali, ndiyo maana watafiti wamejaribu kitosani itokanayo na maganda ya kamba wa baharini, udongo wa mfinyanzi, na diatomiti, mwamba laini unaopatikana pia Kariandusi, Kenya.

Mkaa, nyenzo nyingine ya kusafishia, huondoa rangi ya kijani vizuri sana, lakini huhitaji tahadhari kubwa: hunasa pia sumu zenye molekuli bapa, kama heksaklorobenzini, na mmea wenye sumu ukatoka na majibu safi. Hilo ni kosa la hatari, kwa kuwa mgonjwa huhakikishiwa usalama usiokuwapo. Kwa hiyo kila nyenzo hujaribiwa kwanza kwa sampuli iliyotiwa sumu ya kiasi kinachojulikana. Kwa kawaida hukubalika ikirudisha asilimia 70 hadi 120 ya kiasi hicho. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi.