Dawa ya fangasi inavyotafutwa kwenye udongo wa mizizi

Ile harufu ya udongo mvua ya kwanza inaponyesha hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria waitwao Streptomyces. Bakteria hao hao wametupatia dawa kadhaa za fangasi.

Kwa nini kwenye mizizi?

Mizizi hutoa sukari, na vijidudu hujazana hapo kutafuta chakula. Katika kugombania, baadhi ya bakteria hutoa kemikali zinazoua fangasi. Hizo ndizo zinazotafutwa.

Inafanyikaje?

Mtafiti huchukua udongo ulioshikamana na mizizi, huuchanganya na maji safi, kisha huotesha bakteria maabara. Kila aina huwekwa karibu na fangasi. Pakibaki duara tupu ambalo fangasi hawaoti, hapo kuna kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jirani na Mwenge, wamewahi kutafuta Streptomyces kwenye tope la mikoko ya pwani yetu.

Ugumu uko wapi?

Chembe hai za fangasi zinafanana na zetu kuliko za bakteria. Kwa hiyo kemikali nyingi zinazoua fangasi humdhuru na mgonjwa. Ndiyo maana dawa za fangasi ni chache, na fangasi wengine wameanza kuwa sugu.

Nini kimepatikana?

Mwaka 1950 wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza nistatini, iliyotokana na udongo wa shamba la Virginia. Ndiyo dawa wanayopewa watoto wenye utando mweupe mdomoni. Mwaka 1955 ikaja natamisini, kutoka udongo wa Natal, Afrika Kusini. Hutibu fangasi wa jicho, na tangu 2017 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Inakuhusu vipi, mkulima?

Jani la mahindi au mpunga likikuchoma jichoni, fangasi wanaweza kuingia. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiweka doa jeupe, wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usinunue matone bila kupimwa. Yapo yanayowaongezea fangasi nguvu. Wala usipake udongo kwenye kidonda, kwani una vijidudu vya pepopunda. Udongo unakuwa dawa baada ya kupita maabara tu.